Shali ya Msiba Kwenye Feri

Mwaka ule wa msiba wangu nilikuwa nikimtunza bibi mmoja Mgiriki huko Turffontein, si mbali na uwanja wa mbio za farasi. Yeye na marehemu mumewe walikuwa na duka la kona kwa miaka mingi, lile duka la mkate, maziwa na sigara ambalo watu wa Johannesburg huliita kafe hata kama ndani hakuna kahawa. Mume alipokufa duka likauzwa, bibi akabaki na nyumba, magoti mabovu na mimi.

Nilikuwa nimevaa nyeusi. Haikuwa nyeusi ya kwetu Morogoro, ambako matanga yakiondolewa mtu hunyolewa nywele akarudi shambani kwake. Ilikuwa nyeusi ya ukweni, ya Kizulu: gauni, kitambaa cha kichwa, na shali inayofunika mabega na kubanwa kwa pini kifuani, mwaka mzima, kiangazi na masika. Mume wangu alikuwa mtu wa Soweto. Aliikimbia nchi yake akiwa kijana wa shule, akafika Tanzania kwenye kambi ya wapigania uhuru jirani na Morogoro, na mimi nilikuwa nikiosha masufuria katika jiko la kambi ile. Nchi yao ilipofunguka alirudi, nikaja naye. Hatukujaliwa mtoto. Alifariki mwezi wa nne mwaka 2016, kwa maradhi ya figo, katika kitanda chetu, asubuhi, wakati mimi natafuta soksi zake.

Mjane wa huku ana sheria zake. Hasalimii kwa mkono. Hapazi sauti. Jua likizama awe ndani. Katika teksi, zile daladala za huku, hukaa kiti cha nyuma kabisa, kwa kuwa wanasema amebeba giza, na giza huambukiza kama mafua. Watu hawakuwa wabaya kwangu. Walisogea tu. Mwenye spaza, kiduka cha mtaani kwetu, aliyekuwa akinitania kila siku kwa Kizulu changu kibovu, alianza kuuweka mkate juu ya kaunta na kurudi nyuma hatua moja, nami nauchukua. Sikumlaumu. Lakini mwezi wa sita au wa saba nilijikuta natafakari ni lini mara ya mwisho mtu alinigusa, na jibu likawa bibi yangu wa Kigiriki, ambaye alinishika kila siku kwa sababu bila mimi angeanguka.

Nilizishika sheria zile kwa makini kuliko wajane wengi waliozaliwa nazo. Nilikuwa na sababu. Ndoa yetu ilifungwa kambini, mbele ya watu ambao wengi wao sasa ni marehemu. Mama mkwe wangu hakuwahi kunikataa, wala hakuwahi kunikubali; kwa miaka ishirini na zaidi niliitwa yule wa Tanzania. Siku ya mazishi ni yeye mwenyewe aliyenivika shali na kuibana pini. Akaniambia kwa sauti ya chini, watu wasisikie, "Umalize mwaka huu sawasawa. Ukiumaliza, hakuna mtu katika ukoo huu atakayeuliza tena wewe ni nani." Basi nilikuwa nautaka mwaka ule kama mwanafunzi anavyoutaka mtihani. Sikuwa na kitu kingine cha kuwaonyesha.

Ilikuwa imebaki kama mwezi mmoja, mwaka 2017, bibi aliponiambia kwamba tunakwenda Ugiriki. Dada yake alikuwa amekufa huko kisiwani kwao mwaka uliotangulia, na bibi hakwenda kumzika, wala hakwenda kwenye arobaini yake. Wagiriki nao wana arobaini, na wana ibada ya mwaka, na hiyo ya mwaka alisema hawezi kuikosa. Mwanawe aliyehamia Australia alikuwa amekubali kugharamia safari, kwa sharti kwamba niende naye, kwa sababu magoti yale yasingepanda ngazi yoyote peke yake.

Nilikwenda Soweto kuomba ruhusa. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani, wifi yangu anachambua maharage. Nikaeleza. Mama mkwe aliuliza swali moja tu, kama njiani kuna maji. Nikasema kuna bahari, tutavuka kwa meli.

"Eish," wifi akasema. "Mjane anakwenda kutembea Ulaya. Sisi tuliofiwa tuko hapa na maharage."

"Nakwenda kazini, wifi."

"Kazini kwenye meli. Kazi hiyo na mimi naiweza."

Mama mkwe alimwambia achambue maharage. Kisha akanipa ruhusa na masharti yake. Nisitoke jua likizama. Nisishikane mikono na watu. Na shali isitoke mabegani mwangu mbele za watu, wala isivaliwe na mtu mwingine yeyote, mpaka siku tutakapozichoma nguo zote pamoja. Giza la nyumba moja, alisema, halipelekwi kwenye nyumba nyingine. Nikaahidi. Sikuona ugumu wowote katika ahadi ile. Nani angeitaka shali ya mjane?

Tulifika Athene jioni, na sanduku la bibi halikufika. Nguo zake zote nyeusi zilikuwa humo. Mwenyewe alikuwa amesafiri na koti la buluu ya kung'aa lenye zipu, kama la mkimbiaji wa mbio, ambalo mwanawe alimtumia kwa ajili ya baridi ya ndege. Wale wa uwanja wa ndege walisema sanduku litafuata. Tulilala hoteli moja bandarini, Pirea, na maduka yote yalikuwa yamefungwa, na meli yetu iliondoka alfajiri kabla hayajafunguliwa. Bibi alisema si kitu, atajua akifika. Nilimwona anajitazama kwenye kioo cha lifti, akageuka upande.

Feri pekee niliyowahi kupanda maishani ni ile ya Kigamboni, unayopanda umesimama, na kabla hujamaliza karanga zako umefika. Hii ilikuwa jengo. Ilikuwa imefungua mlango wake wa nyuma hadi chini kwenye sakafu ya bandari, na malori yanaingia tumboni mwake yakirudi kinyumenyume, wanaume wanapiga mbinja na kupunga mikono, na katikati ya malori hayo hayo watu wanaingia kwa miguu na masanduku, bibi vizee, padri mwenye kofia ndefu, mtu na mbuzi kwenye gari la wazi. Nilisukuma kiti cha magurudumu juu ya chuma kilicholowa, naogopa kuteleza, na mfanyakazi mmoja wa meli akakishika upande wa pili bila kuombwa, tukamweka bibi kwenye lifti.

Juu kulikuwa na ukumbi wenye viti vya kitambaa, televisheni, na kaunta ya kahawa. Kulikuwa na harufu ya jibini iliyochomwa na ya dizeli. Nilimweka bibi mahali pazuri, karibu na dirisha, nikafunga breki za kiti, nikamfunika magoti. Halafu nikaenda kukaa kule nyuma kabisa, kiti cha mwisho karibu na mlango wa nje, kwa sababu ndiko mjane anakokaa.

Sikufikiri. Miguu ilikuwa imekwisha kuzoea. Nimekaa, meli imeanza kutetemeka, bandari inarudi nyuma, na nikasikia jina langu linaitwa ukumbi mzima. Bibi alikuwa akigeuza shingo huku na huko, amedhani nimemwacha ndani ya meli na kushuka. Nilikimbia kwake. Macho yake yalikuwa na machozi, na kwa hiyo akawa mkali.

"Unakaa kule kwa nini? Mimi nanuka?"

Nikamweleza. Nilidhani anajua, alikuwa ameniona na nguo zile karibu mwaka mzima. Alikuwa anajua ni za msiba, hakujua kwamba zina kiti chake. Alisikiliza, akatazama ukumbi, viti vingi vitupu. "Hapa hakuna teksi," akasema. "Kaa."

Nikakaa, lakini niliacha kiti kimoja kati yetu.

Basi ni kiti hicho ambacho mwanamke mmoja alikuja kukikalia. Alikuwa mzee kuliko bibi, mwenye nyeusi toka kichwani hadi viatuni, nyeusi iliyofuliwa mpaka ikapauka. Alipita viti vyote vitupu akaja kukaa kando yangu, bega lake kwenye bega langu, akaniwekea mkate wa ufuta wa mviringo mapajani. Nilijikunja. Nilitaka kusogea ili giza langu lisimfikie, ila pembeni yangu palikuwa ukuta. Akaigusa pete yangu kwa kidole, akanyanyua nyusi. Nikaitikia kwa kichwa. Akagonga kifua chake mwenyewe, naye pia.

Alianza kusema na bibi kwa Kigiriki, na bibi akawa ananifasiria kwa Kiingereza.

"Anauliza utaivua lini."

"Mwezi ujao. Mwaka utakuwa umetimia."

Bibi akafasiri. Yule mwanamke akacheka, meno machache, akasema kitu.

"Anasema, mwaka mmoja tu? Kwani alikufa nusu?"

Nilicheka. Ilinitoka kwa sauti, na watu wawili waligeuka, nikaziba mdomo kwa shali. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu lini sijui. Yule mwanamke alikuwa amevaa nyeusi tangu kijana, bibi alisema. Mume, kisha mama, kisha kaka, hajapata nafasi ya kuivua katikati. Aliusema msiba wake kama mtu anayeeleza kwa nini hajapaka nyumba rangi. Kwake yeye hakukuwa na habari ya kuambukiza. Nilikula ule mkate wa ufuta wote, huku bega lake zito, lenye joto, limetulia juu ya langu, na nikatazama nje visiwa vinavyopita, vikavu, vya rangi ya udongo, visivyo na mti. Nisiseme uongo, sikuviona vizuri. Vilinikumbusha vile vilima vya vumbi la migodi kusini mwa Johannesburg, isipokuwa vimezungukwa na maji.

Kisha yule mwanamke akamuuliza bibi anashuka wapi, na ni mtu wa nani. Bibi akajibu. Nikaona uso wa mwanamke unabadilika. Naye alikuwa mtu wa kisiwa hicho hicho. Alisema neno moja ambalo hata mimi nililielewa, Afrika. Ndiye yule dada wa Afrika. Akalitazama lile koti la buluu, toka kola hadi zipu. Baada ya muda alisimama, akanipapasa shavu, akaenda kukaa na wengine.

Meli ilitia nanga kisiwa cha kwanza, ikaondoka tena. Halafu bibi, akiwa anatazama dirishani, alinieleza habari ambayo sikuwa naijua, ingawa nilikuwa nimemwogesha kwa miaka minne. Mama yao alipokufa, dada yake alivaa nyeusi pale kisiwani. Yeye alikuwa Johannesburg, nyuma ya kaunta. Mumewe alimwambia mteja hanunui mkate kwa mtu aliyevaa kaburi, basi alivaa nyeusi wiki chache, ndani, kisha akaacha. Krismasi ile wakapiga picha dukani, wakaituma nyumbani. Alikuwa amevaa gauni la maua. Dada yake alijibu kwa swali moja: huko kwenu watu hawafi? Baadaye walizungumza kwa simu kila Pasaka, wakaulizana afya, wakacheka hata. Lakini swali lile halikufutwa. Sasa dada mwenyewe amekufa, na yeye atashuka gatini, mahali ambapo kisiwa kizima huja kuangalia nani ameshuka, mwaka mzima baadaye, na koti la mkimbiaji.

"Nipe shali yako," akasema.

Nilimwambia haiwezekani.

"Nikifika nyumbani nitakurudishia. Ni kushuka tu."

Nilimweleza ahadi yangu. Nilimwambia ni giza, ni nuksi, haihamishwi kwa mtu. Akasema katika umri wake nuksi itakuwa imechelewa. Nilimwambia habari ya mama mkwe, na kwamba mwezi mmoja umebaki, na kwamba nikiharibu sasa nimeharibu mwaka wote. Alisikiliza hayo kwa heshima. Bibi yule hakuwa mtu wa kudharau masharti ya watu. Ilikuwa ndiyo shida yake mwenyewe. Nilimpa kitambaa cha kichwa, nikasema hiki nitawaambia nilikipoteza, akakijaribu, akakirudisha. Kilikuwa kidogo, na buluu ilibaki pale pale chini yake, inang'aa.

"Basi sishuki," akasema.

"Mama, meli itaendelea."

"Iendelee. Nitarudi nayo kesho."

Nilidhani ni hasira. Ila kengele ilipolia na wakatangaza kisiwa chake, na watu wakaanza kushuka kwa wingi kwenda chini kwenye magari, alizishika breki za kiti chake kwa mikono yote miwili. Feri zile hazingoji. Zinageuka, zinashusha mlango, watu na magari wanatoka mbio, wengine wanaingia, na mlango unapanda kabla malori ya mwisho hayajasimama vizuri. Nilimwomba. Nikamwambia dada yake anamngoja, neno la kipumbavu. Mwishowe nilimwondoa mikono kwenye breki, kidole kimoja kimoja, akaniacha, nikamsukuma hadi kwenye lifti na hadi chini.

Chini kulikuwa na giza la mafuta na injini za magari zimewashwa. Tulisimama kati ya lori la matofali na watu wa kisiwa wenye masanduku, tukisubiri mlango. Yule mwanamke wa mkate wa ufuta alikuwa hapo, mgongo wake kwetu. Minyororo ikaanza kulia. Mstari wa mwanga ukatokea juu, ukapanuka, na pole pole tukaona mlima, kisha nyumba nyeupe, kisha gati, kisha watu, wengi wao wanawake, wengi wao weusi kwa nguo.

Sababu nilizozipata baadaye ni nyingi. Pale chini sikuwa na hata moja. Niliona bibi amevuta zipu ya koti lile hadi kidevuni, kisha akaishusha, kisha akaivuta tena, nikafungua pini.

Nilimfunika mabega, nikaibana kifuani kwake kama mama mkwe alivyonibania. Ilimfika magotini kwa sababu amekaa. Buluu yote ikapotea. Hakunishukuru, hakukuwa na nafasi. Mlango uligusa gati kwa kishindo, na tukasukumwa nje pamoja na wengine.

Upepo ulinipiga mabegani. Nataka kusema kwamba nilijisikia uchi, na ni kweli, nilijisikia hivyo. Lakini nilijisikia pia vizuri. Ngozi yangu ilifurahi kabla mimi sijaipa ruhusa.

Mpwa wake alikuja mbele, mwanamke wa makamo, na nyuma yake wengine. Walimtazama bibi, nyeusi yake, wakamwinamia wote pamoja, wakalia, na yeye akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, si hata siku ya mumewe. Alikuwa analia kwa Kigiriki. Nilisimama nyuma na mifuko. Walipita wakanipita, lori la matofali likapita, na meli ikafunga mlango wake na kuondoka, na nikabaki naiangalia kwa kuwa ndicho kitu pekee pale nilichokuwa nakifahamu.

Siku ya ibada nilikaa safu ya mwisho, na gauni na kitambaa bila shali. Walichemsha ngano nzima nzima, wakaichanganya na sukari na zabibu, wakaipamba kwa msalaba, wakatugawia katika vifuko. Bibi alikuwa mbele na shali yangu. Hakunirudishia siku ile, wala kesho yake. Kila nyumba aliyoitwa alikwenda nayo. Sikuiomba. Niliwaza kumpigia mama mkwe simu, ila jambo kama lile haliendi kwa simu, nami Kizulu changu kwenye simu huwa kama cha mtoto.

Sanduku lilipopatikana hatimaye, bibi alinirudishia shali. Mpwa wake alikuwa ameifua, ameianika juani, ameipiga pasi na kuikunja vizuri, kwa wema. Ilikuwa na harufu ya sabuni ya watu wengine. Sikuivaa. Wakati wa kurudi niliibeba kwenye mfuko wa plastiki, na kwenye feri bibi aliniuliza mbona siivai, si ni yangu. Nilimwambia sijui kama ni yangu tena. Akaniambia nikae karibu naye, nikakaa, safari hii bila kuacha kiti, na tukalala wote wawili mpaka Pirea.

Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi nilikwenda Soweto. Nilimkuta mama mkwe na wifi tu, nikashukuru. Nikaweka mfuko sakafuni, nikapiga magoti, nikasema yote kwa mpangilio, hata ile furaha ya mabega. Kizulu kiliponiishia nilichanganya Kiingereza, na wifi akajazia.

Nilimtegemea wifi anirarue. Badala yake alitazama ule mfuko akasema, "Sasa tatizo liko wapi? Nenda Jeppe mjini, vitambaa vyeusi vimejaa. Nunua nyingine, bana pini, mwezi huu uishe, tuchome tumalize. Nani atajua?"

"Mimi najua," nikasema.

"Wewe! Hata kusema uongo kidogo hamkufundishwa huko Tanzania? Kaka yangu alikuwa anaishi vipi na wewe?"

"Kwa shida," nikasema, na wifi akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kwamba mtu amemtaja marehemu na mwingine akacheka.

Mama mkwe hakucheka. Aliuliza yule bibi alimlilia nani. Nikasema dada yake, na nadhani mama yake pia, wa zamani. Aliuliza kama kwao kuna mtu aliyeugua baada ya hapo. Nikasema hapana, ila kikohozi. Alivuta mfuko kwa fimbo yake, akaufungua, akainusa shali, akaufunga. Kisha akasema kwamba hii itachomwa peke yake, leo hii, na kwamba nitavikwa nyingine, na mwaka haujatimia. Nitaongeza miezi mitatu.

"Mama," wifi akasema, "siku hizi watu wanavaa miezi mitatu tu, yote. Huyu mnamfanya nini?"

Nilisema ndiyo, mama. Nilisema haraka, pengine haraka mno. Wifi alidhani ni unyenyekevu, akanihurumia hadi siku ile ya kuvua. Haukuwa unyenyekevu. Tangu mwezi wa pili nilikuwa nikiamka asubuhi na hofu ya ile siku, watu watakaponigusa tena, watakaponitania tena dukani, na hakuna mtu njiani atakayejua kwa kunitazama kwamba alikuwepo mtu na sasa hayupo. Nilikuwa nautaka mwaka umalizike sawasawa. Sikuwa nautaka umalizike.

Wifi alitoka nje kuwasha moto kwenye karai. Tukabaki wawili, mama mkwe kitandani, mimi chini. Alikuwa ananitazama, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Ukiivua," akauliza, "utarudi kwenu?"

Nilikuwa nimeshajiuliza hilo usiku mwingi. Kwetu nilikuwa na kaka aliyekuwa hanipigii simu, na shamba ambalo sijui kama bado lilikuwa letu. Huku nilikuwa na bibi wa watu na chumba. Ningeweza kumjibu kile alichotaka kukisikia. Nilikiona usoni mwake wazi, kwa mara ya kwanza, mwanamke mzee ambaye mwanawe alimtoroka akiwa kijana, akamrudia akiwa mtu mzima, akafa, na kilichobaki cha huyo mwana ni mimi.

"Sijui, mama," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Nje moto ulikuwa umeanza kushika, na wifi akaniita nilete ule mfuko.

"Basi iwe miezi minne," mama mkwe akasema.